Tutandike majani chini ya miti ya nyumbani mbele ya jua la mwezi wa sita

Katika masomo yaliyopita tulizungumza sana juu ya shamba kubwa: mistari ya kahawa, kivuli, kukata matawi. Mara hii tunaingia ndani ya parsele, pale nyuma ya nyumba, kwenye miti ile tunapita karibu nayo kila asubuhi bila kuiangalia.

Tulichagua parsele kwa sababu ambayo kila mutu anaijua. Tangu miaka mingi, familia nyingi za upande wetu haziendi tena kila siku kwenye mashamba ya mbali. Usalama haupo, na mutu anaogopa kulala kule ao kurudi jioni. Miti ya karibu na nyumba, ile zamani ilikuwa ya kivuli na ya watoto kuchuma, leo ndiyo inalipa masomo na dawa: avoka mbili tatu, kahawa za nyuma ya jiko, migomba, machungwa, na ukitelemuka upande wa Beni, kakao. Muti wa avoka uliopandikizwa unaomba miaka mitatu ao mine mbele ya kuzaa vizuri. Ule wa kokwa unaomba zaidi. Kama unakauka mwezi wa saba ukiwa na miaka miwili, hasara si ya muti peke yake. Ni miaka miwili ya kungojea iliyopotea, na mingine ya kungojea tena.

Sasa, miti mingi inayokauka wakati wa jua haikosi mvua ya mwaka. Hapa kwetu tuko karibu kabisa na mustari wa ikweta, na mvua inakuja mara mbili: toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, kisha toka wa nane mpaka wa kumi na moja. Jua liko katikati, mwezi wa kwanza na wa pili, tena mwezi wa sita na wa saba. Si jua refu kama la wenzetu wa kaskazini mwa Kenya. Maji yanaanguka. Lakini yanaanguka juu ya udongo uliofagiliwa, mugumu kama saruji, yanatelemuka mbio mpaka barabarani, na muti unabaki na kiu ingawa mvua ilinyesha jana.

Hapo tunagusa jambo la ufagio, na tunaligusa kwa heshima. Parsele iliyofagiwa vizuri ni sifa ya nyumba. Mama anaamka, anafagia mpaka chini ya muti, na mugeni akifika anaona kama hapa kuna watu. Hatusemi muache kufagia. Tunasema ufagio usimame pale majani ya muti yanapokomea. Angalia muti wa avoka wa zamani katika parsele ya muteremko: mizizi iko inje, inang'aa, watoto wanaikalia kama kiti. Mizizi haikupanda juu. Ni udongo ulioshuka, kila mvua kidogo, kila asubuhi kidogo. Mara nyingi udongo huo huo ni ule uliokuwa unashikilia musingi wa nyumba. Watu wa Butembo wanajua vizuri mashimo makubwa ambayo maji yanachimba kati ya nyumba. Yote yanaanza na maji ambayo hayakupata fasi ya kuingia.

Dawa yake ni kutandika majani chini ya muti. Waagronomu wetu wanaiita payaji, kwa Kifaransa. Watanzania wanasema matandazo. Sisi tutasema matandazo, jina ni fupi.

Matandazo yanafanya nini? Tone la mvua linapiga jani kavu, halipigi udongo. Udongo haufungi uso wake, maji yanaingia polepole. Jua likitoka, majani yanazuia joto, na maji yaliyoingia hayarudi hewani kwa haraka. Mukulima asiyeamini aende saa nane ya muchana, mwezi wa saba, aweke mukono kwenye udongo mutupu, kisha aingize mukono chini ya majani. Tena majani ya mwitu yanakosa mwangaza, hayaoti mengi, na jembe halihitajiki karibu na muti. Hili la jembe ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mizizi midogo ya avoka, ile inayokunywa na kula, iko karibu sana na uso wa udongo. Ya kahawa na ya mugomba vilevile iko juu juu. Kila mara tunalima chini ya muti tunakata midomo yake. Mwishoni majani yenyewe yanaoza, minyoo inayavuta chini, na udongo unakuwa mweusi na mulaini.

Namna ya kufanya

Wakati ni wa maana kuliko yote. Matandazo yanalinda maji yaliyo ndani, hayaleti maji. Ukitandika mwezi wa saba juu ya udongo uliokwisha kukauka, umefunika ukavu, na hata mvua ndogo ya kwanza itabaki juu ya majani bila kufika chini. Tandika mwisho wa mwezi wa tano, ao siku za kwanza za mwezi wa sita, udongo ukiwa bado na maji. Kwa jua la mwanzo wa mwaka, tandika mwezi wa kumi na mbili. Kama umekwisha kuchelewa, mwaga kwanza maji ya kutosha, bidoni moja ya litre 20 kwa muti mudogo, kisha funika siku ile ile.

Ng'oa majani mabaya kwa mukono, usichimbe. Kama una mbolea ya mbuzi ao ya kuku iliyooza, sambaza kidogo juu ya udongo mbele ya kutandika. Kisha tandika majani katika muzunguko, unene wa kidole chote cha katikati, ni kusema sentimeta 8 mpaka 10. Majani mabichi yanaposhuka, kisha wiki chache unene unabaki nusu. Hiyo ni kawaida, utaongeza. Chini ya sentimeta 5 majani ya mwitu yanapita. Juu ya 15, hewa haiingii vizuri na mvua ndogo haifiki udongoni.

Kwa muti mudogo, muzunguko wa mita 1 toka shina kwenda kila upande unatosha. Kwa muti mukubwa, fuata pale matone yanaanguka toka majani ya mwisho, kwani mizizi inayokunywa iko huko, si kwenye shina. Muzunguko wa mita 1 ni karibu mita kare 3, na unene wa sentimeta 10 unaomba magunia mawili ao matatu makubwa yaliyojaa bila kukandamizwa. Tunaandika hesabu hii kusudi mutu asianze na miti kumi akamaliza majani kwenye muti wa pili. Afadhali miti mitatu iliyofunikwa vizuri kuliko kumi iliyonyunyiziwa majani kama chumvi.

Na sasa lile tunaloomba musome mara mbili: majani yasiguse shina. Tunaona katika parsele nyingi, na katika bustani za watu wakubwa mujini pia, majani yamerundikwa kwenye shina kama kilima, muti umetoka katikati kama nguzo. Inapendeza macho, lakini inaua polepole. Ganda la shina limezoea hewa. Likikaa na unyevu siku zote linaoza, na kupitia pale uyoga mubaya unaingia. Panya wanajificha ndani na kutafuna ganda wakizunguka shina lote, na muti uliotafunwa hivyo hauponi. Muchwa pia wanapata njia bila kuonekana. Acha nafasi ya kiganja kilichofunguliwa, toka kidole gumba mpaka kidole kidogo, kuzunguka shina lote. Kwa muti mukubwa acha viganja viwili. Matandazo yawe kama sahani, si kama kilima. Kama tayari umerundika, sukuma tu kwa mikono leo, hakuna kazi nyingine.

Kwa mugomba nafasi iwe kubwa zaidi, nusu mita ao zaidi kidogo. Mududu mweusi anayetoboa kiazi cha mugomba anapenda baridi na giza, na ukimutandikia kitanda karibu na shina ataweka mayai pale. Mashina ya migomba iliyovunwa yapasuliwe vipande vipande, yakauke juani, ndipo yatandikwe.

Kwenye muteremko, na kwetu karibu kila parsele iko kwenye muteremko, majani peke yake yatasafiri na mvua ya kwanza kubwa. Chimba kijimufereji kidogo upande wa juu, mbali na mizizi, ao jenga ukuta mudogo wa udongo upande wa chini wenye umbo la nusu mwezi. Weka mabua ya mahindi ao ya matete kwa kukingama muteremko, kisha majani laini juu yake. Mabua yanashika majani.

Majani yatatoka wapi?

Hili ndilo swali la kweli, na wakulima wanatuuliza kila mara. Parsele ni ndogo, mbuzi wanakula, watu wengine wanachoma. Na kuna mutego ndani yake.

Historia ya majirani inatuonyesha mutego huo. Wakati wa ukoloni, Rwanda na Burundi, mukulima alilazimishwa kutandika majani chini ya kahawa. Kahawa ilipata faida, ndiyo. Lakini majani yalitoka kwenye migomba na kwenye mashamba ya chakula, na udongo wa chakula ulibaki uchi ili udongo wa kahawa uvae. Wazee wanakumbuka amri, hawakumbuki faida. Kwa upande mwingine, katika Kagera ya Tanzania, Wahaya waliishi muda mrefu kwa namna ingine: nyasi zilitoka kwenye mbuga ya wazi, wanayoiita rweya, zikaletwa nyumbani kwenye kibanja chini ya migomba na kahawa. Kibanja kilikuwa cheusi na chenye rutuba kwa sababu hiyo. Lakini hata pale rweya ililipa deni, na watu walipoongezeka, nyasi za kutosha hazikupatikana tena kwa kila mutu. Majani ya bure hayako. Kila tita linalofika chini ya avoka limetoka fasi fulani, na fasi ile imepoteza chakula chake.

Kwa hiyo tunashauri mufuatane hivi. Anzeni na vitu vinavyotoka chini ya muti wenyewe: majani ya avoka yanayoanguka yabaki pale, yasifagiwe kwenda kuchomwa. Ni ajabu kuona mutu anachoma majani ya muti upande mumoja wa nyumba, na upande wa pili anatafuta mbolea ya kununua. Kisha chukueni vitu ambavyo havina kazi: maganda makavu ya kahawa kutoka mashine ya koperative, maganda ya maharagi kisha kupiga, majani makavu ya migomba mizima, majani yaliyokatwa kwenye pembe za barabara mbele hayajafanya mbegu. Kata, using'oe na mizizi, kwani majani mengine yataota tena chini ya muti wako na utakuwa umeyapanda wewe mwenyewe.

Halafu pandeni majani ya kutandika. Mustari wa matete ao wa majani ya Guatemala kwenye mupaka wa parsele unafanya kazi tatu: unashika udongo, unalisha mbuzi, na unatoa majani mara kadhaa kwa mwaka. Yale maua ya njano marefu, titonia, yanayoota kila fasi njiani, majani yake mabichi yanaoza haraka na yanalisha sana. Hayakai muda mrefu kama kifuniko, basi yaweke chini, na mabua makavu juu. Ni kama sosi na bugali.

Mabua ya mahindi na ya maharagi ya shamba la chakula yabaki shambani. Hapo hatubadilishi neno, hata kama avoka inaleta pesa zaidi.

Vumbi ya mbao kutoka kwa maseremala tunaulizwa pia. Inawezekana, lakini nyembamba, sentimeta 3 tu, juu ya mbolea ya wanyama, na isichanganywe na udongo. Ikichanganywa, viumbe vinavyoiozesha vinakula azoti ya udongo, na majani ya muti yanageuka manjano. Ikiwekwa nene inashikana kama zulia na maji yanateleza juu. Majani ya kaliptusi pia yanaoza polepole na si rafiki ya mimea midogo. Yaacheni kwenye rundo miezi kadhaa mbele, ao muyaweke chini ya miti mikubwa tu. Plastiki, sashe na mifuko mieusi haviozi: vitoeni kwenye takataka za jiko mbele ya kumwaga chini ya muti.

Majani yenye ugonjwa

Kahawa ya robusta iliyokufa kwa trakeomikozi isitumiwe hata kidogo. Wakulima wa Beni hawahitaji kuelezwa ugonjwa huu, ulimaliza mashamba mazima ya wazazi wao. Uganda nayo iliuona mwaka wa 1993 na ikapoteza robusta nyingi sana. Uyoga wake unaishi ndani ya mbao ya muti uliokufa. Ukikata matawi yake na kuyatandika chini ya kahawa nzima, ao ukibeba kuni zake kupitia shambani, umeupeleka. Muti kama huo unang'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama.

Kwa migomba yenye munyauko wa bakteria, ule wa BXW, usibebe majani wala shina kupeleka kwenye migomba mingine. Mupanga uliokata mugomba mugonjwa upitishwe kwenye moto mbele ya kukata mwingine. Maganda ya kakao yenye kuoza kweusi yasiachwe katika rundo chini ya kakao. Kila tone la mvua linarusha ugonjwa kwenye matunda ya chini. Yapeleke kwenye shimo la mbolea mbali, uyafunike na udongo, yakioza kabisa ndipo yarudi.

Nyoka, kuku na moto

Wamama wanatuambia: munatufundisha kuleta majani karibu na nyumba, na nyoka je? Ni swali la haki, na hatulijibu kwa kucheka. Nyoka anafuata panya na chura, na anapenda rundo la juu lenye mashimo ndani. Matandazo ya sentimeta 8 yaliyolala si nyumba ya nyoka kama rundo la kuni ao la matofali. Lakini karibu na mulango, karibu na choo, na pale watoto wadogo wanachezea, musitandike kabisa. Acha njia pana iliyofagiwa kati ya nyumba na muti. Wakati wa kuongeza majani, tumia kijiti kwanza, kisha mukono.

Moto tunauogopa zaidi kuliko nyoka. Majani makavu ya mwezi wa saba na kaa moja la makala lililotupwa usiku vinatosha. Muti ulio karibu na jiko utandikwe kwa maganda ya kahawa ao majani yaliyokwisha kuoza nusu, si nyasi kavu, na majivu yamwagwe fasi ingine yakiwa yamezimika kabisa.

Kuku wataparua, hiyo ni kazi yao. Matawi machache yenye miiba ao mawe kuzunguka ukingo yanapunguza. Muchwa wakionekana, angalia kama majani yanagusa shina. Mara nyingi ndiyo. Ondoa, fungua nafasi, na uvunje njia zao za udongo kwenye ganda kila siku chache.

Kuna fasi moja ambapo hatutaki mutandike: udongo unaolowa, pale maji yanasimama siku mbili ao tatu kisha mvua. Avoka haivumilii miguu ndani ya maji. Mizizi inaoza, majani yanakuwa madogo na meupe-meupe, na tawi linakauka toka juu. Muti kama huo watu wanafikiri uko na kiu, wanaufunika na kuumwagilia, na unakufa haraka zaidi. Chimba kwanza mufereji wa kutoa maji. Kama fasi ni ya chini kabisa, pale panafaa migadu, si avoka.

Tunaomba kila kikundi kifanye jaribio moja mbele ya mukutano wa mwezi wa nane. Chagueni miti miwili ya avoka ao ya kahawa yenye umri mumoja, katika parsele moja, kwenye udongo mumoja. Mumoja utandikwe mwisho wa mwezi wa tano kama tulivyoeleza, mwingine ubaki unafagiwa kama kawaida. Mwezi wa saba, kisha siku kumi bila mvua, chimbeni kwa kidole chini ya kila muti na muandike ni wapi udongo unaanza kushikana mukononi: juu, kwenye kifundo cha kwanza, ao hata kidole chote hakifiki. Hesabuni majani yaliyokauka kwenye tawi moja la kila muti. Muandike pia ni mara ngapi mulipalilia na magunia mangapi ya majani mulibeba, na yalitoka wapi. Mwandishi wa kikundi alete karatasi ile kwenye mukutano, hata kama matokeo si yale tuliyosema hapa.